HAYATI CYPRIEN NTARYAMIRA, RAIS WA MIEZI MIWILI

Gahanga, Masaka na Kanombe ni kata za wilaya moja, Kicukiro, katika jiji la Kigali. Ni katika anga ya upande huo ambapo usiku wa tarehe 6 Aprili, 1994, ndege aina ya Falcon 50 ilitunguliwa kwa makombora ilipokuwa ikishuka kutua Kanombe. Watu wote 12 waliokuwamo walikufa. Mwenyeji, Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda, hutajwa mara nyingi. Mgeni wake, Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, hutajwa kwa nadra.

Ntaryamira alizaliwa mwaka 1955 huko Mubimbi, si mbali na Bujumbura. Mwaka 1972 majeshi ya Burundi yalipowaua Wahutu waliosoma, kijana huyo alikimbilia Rwanda. Huko alisomea kilimo katika Chuo Kikuu cha Taifa, na mwaka 1983 akarejea kwao. Mwaka 1986 alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha FRODEBU pamoja na Melchior Ndadaye, ambaye alipochaguliwa Rais mwaka 1993 alimfanya Waziri wa Kilimo.

Tarehe 21 Oktoba, 1993, wanajeshi walioasi walimwua Ndadaye. Wahutu na Watutsi wakauawa kwa maelfu. Ntaryamira alinusurika, Bunge likamchagua kuwa Rais, naye akaapishwa tarehe 5 Februari, 1994. Mtu huyo, aliyefanywa mkimbizi na askari na kuponea chupuchupu mikononi mwa askari, sasa akawa mkuu wa nchi yenye jeshi lile lile. Alimpa uwaziri mkuu Anatole Kanyenkiko wa UPRONA, chama kilichoshindwa katika uchaguzi.

Alipotoka katika mkutano wa wakuu wa nchi jijini Dar es Salaam, aliomba nafasi katika ndege ya Habyarimana, akapanda pamoja na mawaziri wake wawili, Bernard Ciza na Cyriaque Simbizi. Alikuwa na umri wa miaka 39. Uchunguzi wa Ufaransa ulifungwa bila mtu yeyote kufikishwa mahakamani.

Msiba ulikuwa mmoja, lakini wenye sare hawakuupokea kwa namna moja. Kigali, walinzi wa Rais walimwua Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana asubuhi iliyofuata, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Bujumbura, Spika Sylvestre Ntibantunganya alijitokeza pamoja na Waziri wa Ulinzi na mkuu wa majeshi, wakawasihi wananchi watulie. Vita vya Burundi havikuisha, lakini usiku ule nchi haikulipuka.

Kombora huweza kumwondoa kiongozi kwa dakika moja. Litakalofuata baadaye hutegemea amri zitolewazo kambini, na askari wanaozipokea.