Profesa aliyejifunza kisirisiri

Kama umewahi kusoma Alfu Lela Ulela, unamjua Shehrazade, yule dada aliyemhadithia mfalme kila usiku ili asiuawe asubuhi. Mwaka wa 1888, Mrusi Nikolai Rimsky-Korsakov alimpa sauti ya fidla moja, akaizungushia okestra nzima.

Lakini jamaa hakuanzia muziki. Alikuwa mwanamaji, akazunguka bahari miaka karibu mitatu. Kisha 1871, chuo cha muziki cha St Petersburg kikampa uprofesa. Shida? Nadharia ya muziki hakuijua. Akakubali hivyo hivyo, halafu akawa anasoma kichinichini, hatua chache tu mbele ya wanafunzi wake, hadi akabobea.

Wanafunzi hao hakuwasahau. Walipogoma 1905, alisimama nao, akapigwa kalamu. Baadaye alirudishwa, lakini hakunyamaza: opera yake ya mwisho, ya jogoo wa dhahabu, ilimcheka mfalme mzembe. Wakaguzi wa serikali wakaikalia. Alifariki 1908 bila kuiona jukwaani. Ilichezwa mwaka uliofuata.

Mimi niliacha chuo, na bado naona aibu kuuliza nisichokijua. Huyu alikuwa profesa tayari, na akaketi kusoma upya.