Ranjitsinhji, Bingwa wa Kriketi

Wenzangu wengi hapa Madungu hupenda mpira wa miguu, na ukiwatajia kriketi watakwambia kuwa ni mchezo wa wageni. Hata hivyo nimeona bora niwaeleze habari za bingwa mmoja wa mchezo huo, kwani maisha yake yana mafunzo makubwa kwetu sisi wanafunzi.

Ranjitsinhji alizaliwa tarehe 10 Septemba 1872 katika kijiji cha Sarodar, nchi ya Kathiawar, magharibi ya Bara Hindi. Nchi hiyo si ngeni kwetu. Huko, na kwa jirani zake wa Kutch, ndiko walikotoka wengi wa wafanyabiashara wa Kihindi waliokuja Unguja na Pemba kwa majahazi ya kaskazi. Alipokuwa mdogo, mtawala wa Nawanagar alimchagua awe mrithi wake, kisha akazaliwa mtoto katika jumba la mtawala, na Ranjitsinhji akaachwa. Alisoma Rajkot, na mwaka 1888 akapelekwa Uingereza, ambako baadaye aliingia Trinity College, Cambridge.

Huko ndiko alikokutana na taabu. Katika kriketi, mpigaji hulinda vijiti vitatu kwa ubao, na mpira hurushwa kutoka umbali wa kiasi cha yadi 22. Mpira wenyewe ni mgumu, na mrushaji mwenye kasi huufikisha kwa muda wa nusu sekunde hivi. Ranjitsinhji alikuwa na macho makali na mikono myepesi, lakini mpira wa kasi ulipomjia, mguu wake wa kulia ulijivuta pembeni wenyewe kwa hofu. Na mpigaji akishaondoka kwenye njia ya mpira, vijiti hubaki wazi. Mtu aliyewahi kutazama mchezo wa ng'ombe hapa Pemba anaijua hofu hiyo: akili inasema simama, miguu inasema kimbia.

Mwalimu wake, Dan Hayward, akamshauri dawa ya ajabu: wakati wa mazoezi, mguu wa kulia ufungwe chini. Naye akakubali. Warushaji hodari wa kulipwa wakamrushia mipira kwa saa nyingi, wala hakuweza kukimbia. Kwa kuwa mguu mmoja haukutoka, alijifunza kukitumia kilichobaki huru. Aliuvusha mguu wa kushoto, akageuza vifundo vya mikono, na kuuongoza mpira upite kando ya mwili wake uende nyuma. Hakuupiga kwa nguvu. Kasi ya mrushaji mwenyewe ndiyo iliyoupeleka mbali. Basi aibu yake ikageuka kuwa silaha yake, na pigo hilo likamtia jina.

Juu ya hayo, hakupata nafasi katika timu ya Chuo Kikuu mpaka mwaka 1893, kwani baadhi ya watu hawakupenda kumwona Mhindi humo. Mwaka 1895 alianza kuchezea Sussex. Mwaka 1896 hakuchaguliwa katika mechi ya kwanza ya Uingereza na Australia iliyochezwa Lord's, London. Mwezi wa Julai mjini Manchester alichaguliwa, akapata mikimbio 62, kisha 154 bila ya kutolewa. Na mwaka 1899 akawa mtu wa kwanza kupita mikimbio 3,000 katika msimu mmoja wa Uingereza.

Mwaka 1907 alitawazwa kuwa mtawala wa Nawanagar. Hakuwa mtu asiye na dosari, kwani alitumia fedha kupita kiasi na kuwa na madeni mengi. Mwaka 1915 alipoteza jicho la kulia kwa ajali ya kuwinda. Alifariki tarehe 2 Aprili 1933, na shindano kubwa la kriketi la India, lililoanza mwaka 1934, linaitwa kwa jina lake hadi leo.

Ndugu wasomaji, kila mmoja wetu ana mguu unaojivuta pembeni. Kwa mwengine ni Kiingereza, kwa mwengine ni kusimama mbele ya watu na kusema. Kwangu mimi ni Hisabati. Sasa mtihani wa Kidato cha Nne unatukabili, nami nimeazimia kila usiku dahaliani nianze na Hisabati, na Historia niipendayo ingoje. Penye nia pana njia.