Kabaka Mutesa wa Kwanza na Nyumba ya Kasubi

Mutesa wa Kwanza alikuwa mwana wa Kabaka Suuna wa Pili. Alitawala Buganda tangu mwaka 1856, na mwanzo aliitwa Mukaabya. Wafanya biashara kutoka Unguja walimletea nguo na bunduki, naye akajifunza Kiarabu na Kiswahili. Mwaka 1862 alimpokea Speke, na mwaka 1875 Stanley. Wamisionari wa Kiingereza walifika mwaka 1877, na wa Kifaransa mwaka 1879. Aliwasikiliza wote, wala hakujifunga kwa dini moja. Lakini alikuwa mkali pia: mwaka 1876 aliamuru vijana wengi Waislamu wa ikulu yake wauawe. Jambo hilo halifai kufichwa.

Mwaka 1882 alijenga ikulu juu ya kilima cha Kasubi. Nyumba yake kubwa, Muzibu Azaala Mpanga, haikuwa ya mawe, bali ya miti, matete na nyasi. Kwa hiyo uzima wa nyumba ulitegemea macho ya fundi: kutupa kilichooza au kuliwa na wadudu, na kukausha vema kilicho kizuri. Kuezeka ni kazi ya ukoo wa Mbega, na ndani ya paa zimo pete 52, mfano wa koo za Buganda.

Nguzo huvikwa nguo ya magome, kazi ya ukoo wa Fisi Maji. Gome la mti uitwao mutuba hubanduliwa wakati wa mvua, nao mti hufungwa majani ya migomba ili uote gome jingine. Gome hukwanguliwa, hulainishwa kwa moto na mvuke, kisha hupondwa kwa nyundo za mti zenye mifuo mpaka litanuke. Jua huligeuza rangi ya udongo mwekundu.

Mutesa alifariki mwezi wa Oktoba, 1884. Zamani taya la Kabaka lilitengwa na mwili na kuwekwa mahali pake. Yeye alizikwa mzima, katika nyumba yake mwenyewe. Baadaye Mwanga, Daudi Chwa na Mutesa wa Pili wakazikwa papo hapo.

Usiku wa tarehe 16 Machi, 2010, moto uliteketeza nyumba hiyo. Matete na nyasi hupatikana tena. Lakini je, ni nani angejua kuyachagua na kuyafunga? Ilibidi wazee wawafundishe vijana, na kazi ikachukua miaka mingi. Mwaka 2023 UNESCO iliiondoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Basi, ewe mwanafunzi upitaye njia ya Hoima, panda kilimani ukatazame. Na ukimwona mzee akichambua matete, keti karibu naye umwulize, maana ujuzi wake haumo katika vitabu vyetu.