Gaspard Monge na Maji Yasiyokuwapo

Gaspard Monge alizaliwa mwaka 1746 katika mji wa Beaune, Ufaransa. Baba yake alikuwa mchuuzi tu, lakini aliwasomesha wanawe. Kijana huyu alichora ramani ya mji wao vizuri hata afisa mmoja akampeleka katika chuo cha wahandisi wa jeshi huko Mézières. Kwa kuwa hakuzaliwa katika ukoo wa wakubwa, alipewa kazi ya kuchora tu. Huko akabuni njia ya kuchora vitu vyenye unene juu ya karatasi, nalo jeshi likaifanya siri kwa miaka mingi. Wenzangu mnaosoma ufundi, michoro yenu asili yake ni huyo.

Lakini mimi nimempendea jambo jingine. Mwaka 1798 alifuatana na jeshi la Napoleon Bonaparte kwenda Misri. Mwezi wa Julai askari walitoka Iskandaria kwenda Kairo kwa miguu, na kiu iliwatesa vibaya sana. Mbele yao waliona ziwa, na vijiji vimesimama ndani yake kama visiwa. Kila wakikaribia, maji yalirudi nyuma. Waarabu waliyajua mambo hayo tangu zamani, na neno letu sarabi latoka kwao. Wengine husema mazigazi. Monge alitafuta sababu, akawasomea wataalamu wenzake mjini Kairo.

Mchanga uliochomwa na jua huipasha moto hewa iliyo karibu nao, hewa hiyo ikawa nyepesi kuliko ile ya juu. Mwanga wa mbingu ushukao kwa kulala sana, ukifika hapo, haugusi mchanga, bali hupinda kwenda juu ukaingia machoni. Basi kinachoonekana chini si maji, ni mbingu. (Monge alidhani mwanga hurudishwa ghafula kama na kioo, waliomfuata walionyesha kwamba hupinda kidogo kidogo.) Ndivyo ilivyo katika barabara ya lami saa nane mchana. Chuchumaa pembeni, utaona maji yamekusogelea.

Napoleon alipoanguka mwaka 1815, Monge alinyang'anywa heshima zake, akafa Paris mwaka 1818. Wanafunzi wa École Polytechnique, chuo alichosaidia kukianzisha mwaka 1794, walikatazwa kwenda mazikoni. Walitii. Siku ya ruhusa ilipofika, wakaenda kaburini wakaweka shada la maua.