Bentley: Mkulima aliyewafunulia watoto sura ya theluji

WATOTO wa Kitale na Bungoma wanaijua vyema mvua ya mawe. Huisikia ikigonga mabati, na keshoye huwaona wazazi wakikagua mahindi yaliyochanika majani. Theluji, kwa wengi wao, ni picha ya kitabuni tu: ua jeupe lenye ncha sita, kila ncha ikifanana na nyingine.

Aliyechangia pakubwa picha hiyo kufika madarasani ni mkulima wa Marekani, Wilson Bentley.

Alizaliwa Februari 9, 1865 katika kijiji cha Jericho, jimbo la Vermont. Mamake, Fanny, aliyewahi kuwa mwalimu, alimfundisha nyumbani hadi alipofika umri wa miaka 14. Ni mama huyo aliyempa hadubini kuukuu. Kijana alijaribu kuchora alichokiona ndani yake, lakini kila chembe ya theluji iliyeyuka kabla ya mchoro kukamilika.

Babake hakuona faida ya shughuli hiyo. Hata hivyo, alikubali kutoa takriban dola 100, fedha nyingi kwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, kununua kamera na hadubini bora. Januari 15, 1885, baada ya kushindwa mara nyingi, Bentley alifanikiwa kupiga picha ya chembe moja ya theluji. Alikuwa hajatimiza miaka 20.

Kazi yenyewe ilitaka subira. Alikinga theluji kwa ubao mweusi, akaiokota chembe kwa kijiti chembamba, akailaza juu ya kioo kwa unyoya. Yote hayo aliyafanya katika kibanda kisicho na moto, huku akibana pumzi, maana joto la mdomo lingeiharibu. Kufikia mwisho wa maisha yake alikuwa na picha zaidi ya 5,000. Shule na vyuo viliuziwa nakala kwa senti tano tu.

Mbona ncha ni sita? Molekuli za maji zinapoganda hushikana katika umbo la pembe sita. Chembe inaposhuka mawinguni, ncha zake zote hupitia baridi na unyevu ule ule, hivyo hukua kwa namna moja. Chembe jirani hupita njia yake, ikatoka na sura yake.

Lakini si wote waliomsifu. Wataalamu wa Ujerumani walimlaumu kwa kukwangua nakala za picha kwa kisu, ili chembe ionekane juu ya weusi mtupu. Isitoshe, alipenda kuchagua zile nzuri. Ukweli ni kwamba chembe nyingi zina kasoro: ncha moja fupi, nyingine imevunjika. Jambo hili vitabu vya watoto hulikwepa, nami naona ni hasara.

Mwalimu wa Bungoma anaweza kuwapa wanafunzi karatasi ya duara, waikunje nusu, kisha sehemu tatu sawa, kisha nusu tena, wakate kingo na kuifungua. Watapata ncha sita bila baridi yoyote. Ila karatasi haikosei, maumbile hukosea. Wenzao wa Kitale wana makavazi mjini mwao, yaliyotokana na mkusanyiko wa wadudu na wanyama wa Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyefungua makavazi yake ya kibinafsi mwaka wa 1926 na kuyaachia taifa alipofariki mwaka wa 1966. Mtoto akimtazama kipepeo kwa makini, aulizwe pia bawa la kushoto linatofautianaje na la kulia.

Bentley aliendelea kulima na kupiga picha hadi uzeeni. Mnamo Novemba 1931 kilichapishwa kitabu chenye picha zake zaidi ya 2,400. Wiki chache baadaye, Desemba 23, alifariki kwa nimonia katika shamba lile lile la Jericho. Kamera aliyoitumia ilikuwa bado ile ya ujanani.