Soichiro Honda: alianza kwa kulea mtoto, siyo kushika spana

Wadau, madogo wengi wa gereji huniuliza mbona wao wanafagia tu, spana hawapewi. Mimi huwapa kisa cha Soichiro Honda, mtoto wa mhunzi, aliyezaliwa Japani mwaka 1906.

Mwaka 1922 aliingia gereji ya Art Shokai, Tokyo. Akaambiwa alee mtoto wa bosi! Akavumilia huku akiwachungulia mafundi, mpaka naye akapewa kazi. Mwaka 1924 alikaa kama fundi ndani ya gari la mashindano lenye injini ya ndege, na wakashinda. Mwaka 1928 akafungua tawi la gereji hiyo Hamamatsu, 1948 akaanzisha kampuni ya Honda. Mwaka 1965 gari la Honda likashinda Formula 1 kule Meksiko. Alifariki 1991.

Kwa hiyo dogo, fagia, lakini macho yawe kwenye injini. Au mnasemaje wadau?