Kabaka Mutesa wa Kwanza na Makaburi ya Kasubi

Katika kilima cha Kasubi, mjini Kampala, imesimama nyumba kubwa ya msonge iliyoezekwa kwa nyasi, nayo yaitwa Muzibu-Azaala-Mpanga. Ndani yake, nyuma ya pazia la mbugu, wamelala wafalme wanne wa Buganda: Mutesa wa Kwanza, mwanawe Mwanga, mjukuu wake Daudi Chwa, na kitukuu chake Mutesa wa Pili. Nyuma ya nyumba yako makaburi ya wana wa kifalme, waume kwa wake. Basi ni mava ya ukoo mmoja, baba na wanawe. Nasi Waislamu wa nchi hii tuna haki ya kuuliza habari zake, kwa kuwa namna alivyozikwa huyo wa kwanza ni athari ya dini yetu, ijapokuwa kuingia kwake katika dini hakukutimia.

Mutesa alikuwa mwana wa Kabaka Suuna wa Pili. Ni katika enzi ya Suuna, mwaka 1844, ndipo Ahmed bin Ibrahim alipofika Buganda pamoja na wafanyabiashara wa pwani, akamsomesha mfalme baadhi ya sura za Kurani. Suuna alifariki mwaka 1856, na Mutesa akashika ufalme angali kijana. Waarabu na Waswahili wakarudi kwa wingi, na bidhaa zao na vitabu vyao. Kabaka akajifunza Kiswahili na herufi za Kiarabu. Mwaka 1867 alianza kufunga Ramadhani, akaendelea hivyo kwa muda wa miaka kama kumi. Akajenga msikiti katika jumba lake, akaifuata tarehe ya Kiislamu, akawaamuru watu wake kusali. Hakuna mhubiri aliyepewa mlango mpana kama ule kabla ya hapo katika nchi za maziwa.

Ila tohara aliikataa. Mila ya Waganda ilikataza damu ya Kabaka kumwagika, na yaelekea aliogopa kwamba akiivunja mila hiyo atapoteza na kiti. Wengine humlaumu vikali kwa jambo hili. Mimi naona kwamba mfalme aliyetawala kwa mila hakuwa na njia nyepesi, lakini yaliyofuata hayana udhuru.

Katika miaka ya 1875 na 1876 walikuja walimu kutoka upande wa Misri, wakati ambapo majeshi ya Khedive yalikuwa yakiikaribia Buganda kutoka kaskazini. Walimu hao walisema kwamba asiyetahiriwa hafai kuwa imamu, na kwamba nyama aliyoichinja si halali. Vijana wa jumbani, waliosomeshwa dini kwa amri ya Kabaka mwenyewe, wakayashika maneno hayo. Wakakataa kusali nyuma yake na kula nyama yake. Mutesa aliona hapo uasi, tena uasi wenye mkono wa dola ya kigeni nyuma yake. Akatoa amri, na vijana wapatao 70 wakachomwa moto Namugongo; wengine wakauawa kwingineko. Hiyo ni miaka kumi kabla ya Wakristo kuuawa mahali hapo hapo, jambo ambalo dunia inalijua zaidi.

Mwaka 1875 alikwisha kumpokea Stanley. Mwaka 1877 wakaja wamisionari wa Kiingereza, na mwaka 1879 Mapadri Weupe wa Kifaransa. Mutesa akawasikiliza wote, wala hakujifunga kwa yeyote.

Sasa turudi kwenye kaburi. Desturi ya kale ilikuwa kwamba Kabaka akifa, taya lake la chini huondolewa, likapambwa na kuwekewa nyumba yake peke yake, na mwili ukazikwa mahali pengine. Roho ya mfalme, waliamini, ilikuwa pamoja na taya. Mutesa alikuwa amefundishwa na walimu wa pwani habari za kufufuliwa viumbe Siku ya Kiyama, na ya kwamba mwili wa maiti una heshima yake, haukatwi. Wenye kuandika historia husimulia kwamba aliamuru baadhi ya wazee wake wafukuliwe, wakazikwa tena pamoja na mataya yao. Kwa nafsi yake akaamuru asikatwe kitu. Alipofariki Oktoba 1884, alizikwa mzima katika jumba lake la Kasubi, wala hakupelekwa Busiro walikolala waliomtangulia. Mwanga, aliyefia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903, aliletwa mwaka 1910 akalazwa kando ya baba yake. Na hivyo ndivyo jumba la mtu mmoja lilivyokuwa makaburi ya ukoo.

Ukoo huo haukuiacha dini. Nuhu Mbogo, ndugu yake Mutesa, aliwaongoza Waislamu baada ya vita vya dini, akahamishwa Unguja mwaka 1893, akarudi mwaka 1895. Katika Mkataba wa 1900 yeye na wafuasi wake waliandikiwa maili 24 za mraba. Alifariki mwaka 1921, na mwanawe Badru Kakungulu, aliyetoa ardhi ya Kibuli kwa ajili ya msikiti na shule, akaishika kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1991.

Muzibu-Azaala-Mpanga iliteketea kwa moto usiku wa tarehe 16 Machi 2010, nayo ikajengwa upya kwa matete na nyasi kama ilivyokuwa. Makaburi yenyewe yalisalimika. Aendaye huko huvua viatu mlangoni, akaketi juu ya mikeka pamoja na kina mama walinzi wa mahali hapo. Na akitaka kuwakumbuka wale vijana, Namugongo uko msikiti uliojengwa kwa ukumbusho wao.